Maswali ya Wasomaji: Kofia Iliyowaliza, Machozi Yaliyowachekesha

SWALI: Shikamoo Mama. Mimi ni kijana wa Mwanjelwa, Mbeya. Na wenzangu tumetengeneza filamu fupi ya dakika 12, tumepiga kwa simu. Kuna sini ya mama anayemsindikiza mwanawe stendi ya Nane Nane alfajiri, kijana anakwenda Dar es Salaam kutafuta kazi. Mama ni fundi nguo, na ameuza cherehani yake ili kijana apate nauli na pesa ya kuanzia maisha. Anamwambia, "Mwanangu, nimeuza cherehani yangu kwa ajili yako," halafu analia. Shangazi yangu ndiye aliyeigiza, na alilia kweli, machozi yakatiririka. Nikasogeza kamera mpaka machozi yakajaa kioo kizima, nikaweka na muziki wa huzuni. Tulipoionyesha sebuleni kwetu watu walikuwa wanachezea simu zao, na mmoja akacheka. Jioni hiyohiyo tukaweka filamu ya zamani ya Kiitaliano, haina rangi, hakuna hata DJ wa kutafsiri, inahusu baba na mtoto wanaotafuta baiskeli iliyoibwa. Mtoto alipookota kofia ya baba yake, sebule nzima ikanyamaza, na yule aliyecheka ndiye aliyefuta macho. Waliona nini kule ambacho kwangu hakipo? Tatizo ni kamera au ni mwigizaji?

JIBU: Marahaba mwanangu. Shangazi yako hana kosa. Mshukuru sana, maana kulia mbele ya simu alfajiri, katika baridi ya Mbeya, huku wapiga debe wanaita abiria pembeni, si kazi ndogo. Simu yako nayo haina kosa. Kinachokosekana kwako ni vitu viwili: hatukuiona cherehani, na hakuna mtu katika sini ile anayemwona mama.

Nitaeleza kwa kutumia hiyohiyo filamu mliyoitazama. Ni Ladri di biciclette ya Vittorio De Sica, ya mwaka 1948. Twende nayo taratibu, kwa sababu sini ya kofia haikuanzia kwenye kofia.

Antonio amekaa muda mrefu bila kazi, Roma, miaka michache baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Anapata kazi ya kubandika mabango ukutani, kwa sharti awe na baiskeli. Ya kwake iko rehani. Mkewe, Maria, anavua mashuka kitandani, wanayapeleka rehani ili baiskeli itoke. Sehemu hii irudie. Mfanyakazi wa duka la rehani analichukua furushi la mashuka, anapanda nalo kwenye rafu, na kamera inampandia nyuma, juu, juu zaidi, na kila rafu imejaa mafurushi ya mashuka ya familia nyingine. Hakuna anayesema kwamba mji ule una njaa. Hakuna anayelia. Kamera imeinua macho tu, na sisi wenyewe tumewaza vitanda vyote vile vinavyolaliwa bila shuka.

Tangu hapo baiskeli ile si chuma na matairi. Ni kitanda cha Maria. Inapoibwa siku ya kwanza ya kazi, hatuhitaji kuambiwa kilichopotea.

Sasa ruka mpaka karibu na mwisho. Jumapili nzima Antonio na mwanawe Bruno wamezunguka mji bila mafanikio, wamefika nje ya uwanja wa mpira, wamechoka. Fuata macho ya baba. Kamera inatuonyesha kwamba anatazama kitu. Kisha inatuonyesha kitu chenyewe: baiskeli nyingi zimepangwa, za watu walioingia kutazama mechi. Inarudi kwake. Anageuka upande mwingine, na pale mlangoni kuna baiskeli moja imeegemezwa peke yake. Inarudi kwake. Anakaa ukingoni mwa barabara, anasimama, anatembea, anarudi. Aliyeigiza, Lamberto Maggiorani, alikuwa mfanyakazi wa kiwandani na hakuwa mwigizaji, na uso wake haufanyi mambo makubwa. Lakini tunajua anachowaza kabla hajaamua. Tunamwomba moyoni asifanye, na papo hapo tunatamani afanikiwe. Hisia mbili zinazopigana ndani ya mtazamaji mmoja, na hakuna neno lililosemwa.

Jambo hili lilishajaribiwa Urusi karibu na mwaka 1920. Mwongozaji Lev Kuleshov alichukua picha ya uso wa mwigizaji maarufu, Ivan Mosjoukine, uso mtulivu usioonyesha furaha wala majonzi. Akauunganisha na picha ya sahani ya supu. Akauunganisha uso uleule na picha ya jeneza. Inasimuliwa kwamba watazamaji walimsifu mwigizaji kwa namna alivyoigiza njaa, na kwa namna alivyoigiza msiba. Uso ulikuwa mmoja tu. Huzuni waliileta watazamaji wenyewe, wakaiweka mahali walipoachiwa nafasi.

Wewe hukuwaachia nafasi. Mama amesema kwa mdomo kwamba ameuza cherehani, machozi yakasema tena, muziki ukasema mara ya tatu. Mtu aliyekaa kwenye kochi lenu afanye nini, zaidi ya kushika simu yake? Kazi yote mmeshamfanyia.

Rudi Roma. Antonio anampa Bruno nauli, anamwambia apande tramu akamsubiri mbele. Anamwondoa mtoto, kwa sababu hataki kuonwa naye. Mtoto anaikosa tramu. Kwangu mimi pale ndipo filamu nzima inaposimama. Jaribu kuifikiria kama Bruno angeiwahi: tungeona maskini ameiba, amefukuzwa, amekamatwa, amezabwa makofi. Tungemwonea huruma na kuendelea na mambo yetu. Lakini Bruno yupo, anaona baba yake anakimbizwa na umati kama mwizi, na kweli ni mwizi. Aibu ya baba inapata mahali pa kutua, nayo inatua kwenye uso wa mtoto. Enzo Staiola aliyeigiza Bruno alikuwa mtoto wa kawaida tu, si wa jukwaani, na De Sica anatumia vizuri kimo chake: wanaume wazima wamemzunguka baba, wanasukumana, na mtoto yuko chini, katikati ya makoti, analia huku akimng'ang'ania.

Ndipo kofia inapoanguka. Bruno anaiokota na kuifuta vumbi.

Jiulize kwa nini anaifuta, wakati ule, katikati ya kelele zile. Filamu haijibu. Mimi naona hivi: hawezi kuwazuia wale watu, hawezi kurudisha baiskeli, hawezi kumfanya baba asiwe ameiba. Kofia anaiweza. Kwa hiyo anafanya kile anachokiweza, na mikono midogo ile inamrudishia baba yake heshima kiasi cha kofia moja. Watu wa sebuleni kwenu walilia kwa kitendo hicho. Mwigizaji alipewa kazi ya kufanya kwa mikono, hakuambiwa tu "onyesha huzuni." Hata mwenye baiskeli anamtazama mtoto, kisha anaamua kumwachia baba aende zake.

Na ukumbuke kwamba Antonio mwenyewe analia mwishoni. Mwongozaji hakuyakataa machozi. Ameyaweka baada ya kila kitu, na hakuyafanya kuwa ndiyo habari yenyewe. Habari ni kwamba Bruno anainua macho, anayaona, na anautia mkono wake katika mkono wa baba. Kisha tunawaona kwa nyuma, wanachanganyika na umati, na kamera haiwafuati.

Sasa tuje stendi ya Nane Nane.

Kwanza cherehani. Usiitaje stendi, ionyeshe nyumbani kabla. Huna haja hata ya kuonyesha inauzwa. Weka simu chini, karibu na sakafu, kwenye kona aliyokuwa akifanyia kazi mama. Kuna alama za miguu ya cherehani kwenye sementi, pale pamepauka kuliko kwingine, kuna vipande vya vitenge na nyuzi chini, na kiti bado kimeelekezwa ukutani kana kwamba mashine ipo. Mama anapita akifagia, anafika kona ile, anaizunguka asiifagie. Kijana anafunga begi na hajui, au anajua na anajifanya hajui. Amua wewe, lakini uamue. Shoti moja hiyo itakufanyia kazi kuliko ile sentensi uliyompa shangazi, na sentensi yenyewe uifute kabisa.

Pili, mpe mama kitu cha kufanya stendi. Yeye ni fundi. Mafundi wengi huchomeka sindano yenye uzi kwenye ukosi wa blauzi na kuisahau humo. Kifungo cha koti la kijana kinaning'inia. Mama anakiona, anachomoa sindano, anaanza kukishona pale pale, kijana amesimama, kondakta anapiga ubavu wa basi, injini inanguruma. Mashine hana tena; anashona kwa mkono. Hapo hakuna anayepaswa kusema lolote zaidi ya "simama vizuri." Kamera iwe karibu na vidole, ndiyo, karibu kabisa: vidole vinavyotetemeka kwa baridi vinatafuta tundu la kifungo. Ikiwa mtapiga mwezi wa Juni au Julai, pumzi zao zitaonekana mbele ya taa za basi, na hilo ni zawadi ya Mbeya ambayo watu wa Pwani hawana.

Tatu, na hili ndilo ulilolikosa zaidi: nani anamwona mama? Katika sini yako kamera ndiyo inayomtazama, na kamera haina uhusiano naye. Mgeuzie kijana. Mama ameinamisha kichwa anashona. Kijana anamtazama utosini. Piga picha kutoka kimo cha macho ya kijana, ikitazama chini: kilemba cha mama, mvi mbili tatu, bega lililopinda kwa kazi. Kisha uso wa kijana, na umwambie mwigizaji wako asifanye chochote. Akikuuliza awaze nini, mwambie ahesabu vifungo vya koti. Ulichokipiga kabla, kona tupu na sindano, ndicho kitakachojaa kwenye uso wake.

Basi likiondoka, utaingia ndani na kijana au utabaki nje na mama? Waongozaji wengi wachanga hupiga zote mbili, wakikata huku na kule, dirisha, mkono, dirisha, mkono, na hisia inapotea njiani. Chagua. Mimi ningebaki na mama. Simu isimame mbali kidogo, ng'ambo ya njia ya mabasi, mama aonekane mwili mzima. Basi linapita katikati, linamfunika. Likishapita, yupo palepale, anaviringisha uzi uliobaki kwenye sindano na kuichomeka tena kwenye ukosi. Usisogee. Usimfuate. Muziki acha kabisa. Una injini, una wapiga debe, una bajaji zinazogombania abiria. Ukitaka alie, alie hapo, mbali, bila sisi kuwa na uhakika kama ni kilio au ni moshi wa basi.

Nisieleweke kwamba naichukia picha ya karibu ya uso. Carl Theodor Dreyer mwaka 1928 alitengeneza Ufaransa filamu ya kesi ya Jeanne d'Arc, msichana Mfaransa aliyeshtakiwa mbele ya waamuzi wa kanisa, ambayo karibu yote ni nyuso tu. Ni filamu isiyo na sauti, na Renée Falconetti analia humo mara nyingi, kamera ikiwa karibu naye kupita kiasi. Inachoma mpaka leo. Lakini tazama anacholilia: mbele yake kuna nyuso za waamuzi, za wazee wanene, wakali, wenye hila, na kila chozi ni jibu kwa uso fulani uliomwuliza kitu. Chozi lake linapambana na mtu. La shangazi yako lilikuwa peke yake hewani.

Pigeni upya. Ndaga, na umsalimu shangazi.

SWALI: Kamwene Mama. Naandika kutoka Kihesa, Iringa. Mume wangu husema filamu isiyomtoa mtu machozi haina hisia. Mimi nilitazama filamu ya Senegal kuhusu msichana anayepelekwa Ufaransa kufanya kazi za ndani, na sikulia hata kidogo, ila nilishindwa kulala kwa hasira. Ile sini ya mwisho ya mtoto mwenye kinyago bado ninaiona. Je, hasira nayo ni hisia iliyojengwa, au ni mimi tu nina moyo mgumu?

JIBU: Kamwene, mama. Huna moyo mgumu. Ousmane Sembène, mwongozaji wa filamu hiyo, hakutaka ulie; alitaka ubaki macho, na umebaki.

Hiyo ni La Noire de..., ya mwaka 1966. Sembène alikuwa amewahi kuwa kuli bandarini Marseille, akaandika vitabu, kisha akaenda kujifunza sinema Moscow. Angeweza kabisa kutufanya tulie kwa ajili ya Diouana, yule msichana. Anatolewa Dakar kwa matumaini ya kulea watoto na kuiona Ufaransa, anafika Antibes na kukuta jiko, ufagio na kuta nne. Mbissine Thérèse Diop anamwigiza akiwa amenyooka mgongo, amevaa nadhifu, na mbele ya waajiri wake hasemi karibu lolote. Sauti ya mawazo yake tunaisikia sisi tu. Angalia ujanja huo: wao wanamwona mtumishi mkimya, sisi tunasikia kila anachokiwaza, na kila wanapomwamuru tunakuwa upande wake kwa sababu sisi ndio pekee tunaomsikia.

Kinyago nacho ukifuate tangu mwanzo. Kule Dakar kinyago ni kitu cha kuchezea cha mtoto. Diouana anakichukua, anawapa waajiri kama zawadi, kwa furaha. Antibes tunakikuta kimening'inizwa kwenye ukuta mweupe, peke yake, na kamera inampanga Diouana kwenye kuta zilezile nyeupe. Hakuna anayetuambia tuvilinganishe. Baadaye anakidai kile alichokitoa, na mzozo wake na mama mwenye nyumba juu ya kinyago ni mkali kuliko ugomvi wowote wa mshahara, kwa sababu tumeshajua kinachogombaniwa.

Diouana anapokufa kwa mkono wake mwenyewe, yule bwana aliyemwajiri anarudisha vitu vyake Dakar, kinyago kikiwemo, na anatoa pesa. Mama yake Diouana anazikataa. Mtoto anakivaa kinyago usoni na kumfuata yule bwana mtaani. Hamgusi. Hamtukani. Anatembea tu nyuma yake, na bwana anageuka, anaharakisha, anageuka tena, mpaka anakimbilia gari lake. Kitendo ni kutembea, na uso umefunikwa, hauna chozi wala tabasamu. Ndiyo maana hasira imebaki kwako: filamu haikukupa pa kuitua. Mtoto anapokivua kinyago mwishoni, anakutazamisha uso wake, na wewe ndiye uliyebaki mbele yake.

Mwambie mzee wa nyumbani aitazame pamoja nawe, haizidi sana saa moja. Asipolia, mwulize kesho yake asubuhi anakumbuka nini.

SWALI: Mimi ni binti wa Njombe mjini. Tunapiga sini ya dada anayemtafuta mdogo wake shambani. Ukungu ulishuka tukiwa katikati, mwongozaji akafurahi, akasema ukungu ni hisia tosha, tuendelee. Mimi ndiye mpiga picha, na nina wasiwasi.

JIBU: Wasiwasi wako ni wa haki, binti yangu. Ukungu peke yake ni hali ya hewa. Unakuwa na uzito pale tu dada anapotaka kuona na hawezi. Kwa hiyo tupe kwanza shoti moja ya shamba likiwa wazi, mdogo akiwa anaonekana mbali na sweta yake nyekundu kali. Kisha kaa na dada, mgongoni mwake, tuone anachokiona yeye: weupe. Aite. Ukimya. Kitu chekundu kikijitokeza mbele, kiwe kigunia kilichotundikwa kwenye kigingi. Usituonyeshe mdogo kabla dada hajamwona.

Kuhusu kazi yenyewe: ukungu haukusubiri, kwa hiyo piga zile picha pana zote kwanza, za uso utazipata hata ukungu ukipungua, ukimsimamisha dada mbele ya mbingu nyeupe. Bonyeza kidole juu ya uso wake kwenye kioo mpaka simu ifunge mwanga na fokasi, la sivyo itahangaika yenyewe katikati ya shoti na kuufanya uso kuwa mweusi. Pangusa lenzi kwa kitambaa kikavu kila mara, unyevu unatua bila wewe kuuona. Na betri ya akiba iweke mfuko wa ndani wa koti, karibu na mwili, maana baridi ya huko inaimaliza haraka.